Wasomaji Wauliza: Bunduki Mkononi, Hesabu Nyuma ya Pazia

Katika toleo lililopita tulichapisha makala kuhusu michezo ya video inayochanganya aina mbili ambazo zamani zilikaa mbalimbali: michezo ya risasi ya nafsi ya kwanza, ambamo mchezaji huona kwa macho ya mhusika na kulenga kwa mkono wake mwenyewe, na michezo ya kuigiza mhusika, ambamo mhusika hukua kwa pointi, ujuzi na maamuzi, mara nyingi ndani ya ulimwengu mpana ambao mchezaji huuzunguka apendavyo. Barua zilizotufikia ni nyingi. Hizi tumezichagua kwa sababu zinagusa kiini cha jambo lenyewe.

Ndugu Mhariri, mtaani kwetu kuna kibanda cha michezo ambako mimi na rafiki yangu hucheza Borderlands. Nikiingia eneo jipya nampiga adui risasi za kichwa, tena kwa karibu, namba zinaruka juu yake lakini mstari wake wa uhai haupungui. Rafiki yangu, ambaye mhusika wake yuko ngazi ya juu, anamwangusha adui huyo huyo kwa risasi mbili ingawa mimi nalenga vizuri kuliko yeye. Je, ni hitilafu? Na kama imekusudiwa, ni haki? (Msomaji, Tanga)

Si hitilafu, ndugu yangu. Imekusudiwa, na swali lako la haki ndilo nitakalolipa nafasi kubwa kuliko yote leo.

Borderlands, iliyotolewa mwaka 2009 na kampuni ya Gearbox ya Texas, hutumia bunduki zinazoundwa na programu yenyewe kwa kuunganisha vipande mbalimbali: mtutu, kitako, magazini, darubini. Ndiyo maana huwezi kuzimaliza kuziona. Kila bunduki ina ngazi yake na kila adui ana ngazi yake, na adui akikuzidi kwa ngazi kadhaa programu hupunguza madhara ya risasi yako kabla haijagusa uhai wake. Kwa hiyo jicho lako limefanya kazi, mkono wako umefanya kazi, risasi imefika kichwani, kisha hesabu ikaamua kwamba haikuwa na uzito.

Mtindo huu umerithiwa kutoka michezo ya mezani ya karatasi, kalamu na dadu. Huko haukumuudhi mtu, kwa sababu mchezaji hakulenga chochote: alitangaza tu kwamba mhusika wake anashambulia, na dadu ikasema amepata au amekosa. Taabu ilianza pale kamera ilipohamia machoni pa mhusika. Katika Morrowind, mchezo wa Bethesda wa mwaka 2002, mchezaji angeweza kusimama ana kwa ana na panya, akauona upanga ukipita mwilini mwake, na bado akahesabiwa kuwa amekosa, kwa sababu ujuzi wa mhusika ulikuwa mdogo au alikuwa amechoka. Ni sawa na mpiga penalti ambaye mpira wake umetikisa wavu, kipa yuko chini, kisha mwamuzi anarusha shilingi juu ili kuamua kama ni bao.

Watengenezaji wamejaribu njia kadhaa za kutoka katika mkwamo huo, na kwa maoni yangu njia iliyo bora ilipatikana mapema sana. Deus Ex, iliyotolewa mwaka 2000 na studio ya Ion Storm ya Austin chini ya uongozi wa Warren Spector, iliuweka ujuzi wa mhusika ndani ya alama ya kulengea. Ukiwa hujafunzwa kutumia bastola na unatembea, alama hiyo hutanuka hadi huna hakika risasi itakwenda wapi. Ukisimama na kutulia, hujikusanya taratibu. Kadiri unavyotumia pointi kupanda kutoka asiyefunzwa hadi bingwa, kwa ngazi nne, ndivyo inavyojikusanya upesi na risasi zinavyoelekea pale jicho lako lilipo. Mchezaji anaona kwa macho yake kwamba mhusika bado ni mgeni wa silaha, hivyo anabadili mwenendo: anajificha, anasubiri, anasogea karibu. Udhaifu wa mhusika unakuwa sehemu ya mbinu, wala hauwi dhuluma inayomshukia mchezaji baada ya kazi kwisha.

Fallout 3 ya mwaka 2008 ilishika njia ya kati. Unaweza kulenga mwenyewe, lakini pia unaweza kuusimamisha wakati kwa mfumo uitwao V.A.T.S., ukachagua kiungo cha adui na kuoneshwa asilimia ya uwezekano wa kukipata. Hapo dadu imerudi, ila imerudi mchana kweupe, na aliyeambiwa kwamba ana asilimia 40 hawezi kulalamika akikosa. Uzuri wa mfumo huo uko pia katika matokeo: mkono uliovunjika humharibia adui shabaha, mguu uliovunjika humpunguzia mwendo, na ukimvunja siungu mkubwa vipapasio vyake anapagawa na kuwashambulia hata wenzake.

Msimamo wangu basi ni huu: ujuzi wa mhusika una haki ya kuathiri risasi kabla haijatoka mtutuni, kwa kutikisa mkono, kuchelewesha kujaza magazini au kutawanya shabaha. Ikishatoka na kufika ilikokusudiwa, iheshimiwe. Mchezo unaovunja mpaka huo ulipe kwa kumpa mchezaji kitu kingine cha kufikiria, na Borderlands kwa kiasi fulani hulipa, kwa kuwa ina risasi za moto zinazofaa dhidi ya nyama, za umeme dhidi ya ngao na za kuunguza kama tindikali dhidi ya vazi la chuma. Kwa hiyo ukirudi kibandani usishindane na rafiki yako kwa shabaha peke yake. Angalia ngazi ya bunduki uliyoshika, achana na ile uliyoizoea tangu mwanzo hata kama unaipenda, kamilisha misheni ndogondogo za eneo ulilotoka, na mchague adui kwa aina ya risasi uliyonayo. Na kwa kuwa mnacheza pamoja, mwombe asitangulie kupandisha ngazi wakati wewe haupo, maana pengo la ngazi ndilo linaloua raha ya mchezo huo kwa watu wawili.

Tunabishana hapa kazini: mchezo wa kwanza kuchanganya aina hizi mbili ni upi? (Msomaji, Mombasa)

Inategemea mnadai nini. Kama ni kuona kwa macho ya mhusika ndani ya mahali panapozungukika huku akikua kwa pointi, basi Ultima Underworld ya mwaka 1992 ilitangulia hata Wolfenstein 3D, mchezo wa risasi ulioipatia umaarufu studio ya id Software mwaka huo huo. Lakini Underworld ilikuwa ya mapanga na uchawi. Waundaji wake, waliokuja kujulikana kama Looking Glass, walileta System Shock mwaka 1994 ambamo kuna bunduki lakini mhusika hapati pointi za ujuzi, na mwaka 1999 ikafuata System Shock 2, waliyoitengeneza pamoja na studio ya Irrational Games, ambamo mchezaji huchagua awe askari, fundi au mwenye nguvu za akili, hununua ujuzi na huchungulia kila mara kama bunduki yake inakaribia kuharibika. Mimi ningempa ushindi yule kati yenu aliyetaja System Shock 2, ingawa uwanja wake ni meli ya angani na si ulimwengu mpana.

Nimeanza kucheza Fallout: New Vegas. Niliambiwa kwamba ulimwengu wake ni wazi na naweza kwenda popote. Kutoka kijiji cha mwanzo naona taa za mji wa Vegas upande wa kaskazini, lakini kila nikiifuata njia hiyo nauawa na majitu yenye makucha kabla sijapiga hata risasi kumi. Uwazi uko wapi? (Msomaji, Kigoma)

Pole sana, umekutana na kizuizi ambacho wengi hukutana nacho. Njia uliyoishika hupita Quarry Junction, machimbo yaliyotekwa na wanyama waitwao deathclaw, na ukikwepa kwa kupanda milimani unawakuta cazador, nyigu wakubwa wenye sumu. Studio ya Obsidian, iliyoutoa mchezo huo mwaka 2010, iliwaweka pale kwa makusudi ili mchezaji mgeni ageuke kusini na kuzunguka kupitia Primm, Nipton na Novac, ambako anakutana na makundi yanayogombania eneo hilo na kujua yanataka nini kabla hajaingia Vegas.

Ninautetea uamuzi huo kwa moyo wote. Kuna namna mbili za kuujaza ulimwengu wazi. Ya kwanza ni kuwafanya maadui wapande ngazi pamoja na mchezaji, hivyo kila aendako anawakuta wanaolingana naye. Anakuwa huru kwenda popote, lakini hapati habari yoyote kutokana na mahali alipo, na nguvu alizozipata kwa jasho hazionekani kwa kuwa kila mtu amepanda naye. Ya pili ni kuacha mahali pawe na tabia yake, pa hatari pabaki pa hatari, na mchezaji ajifunze kuisoma nchi kama msafiri anavyoisoma. New Vegas imeegemea zaidi namna hii ya pili, na ndiyo maana siku utakayorudi Quarry Junction na bunduki nzito ya mdunguzi, ukalala juu ya mwamba na kuwaangusha wale majitu mmoja mmoja kutoka mbali, utajua bila kuangalia namba yoyote kwamba mhusika wako si yule wa mwanzo.

Hata hivyo uwazi haujafungwa kabisa. Wapo wachezaji wanaopenya kaskazini mwanzoni kabisa kwa kunyata, kwa kifaa cha kujificha machoni pa maadui na kwa kuhifadhi mchezo mara kwa mara. Njia ipo, ila si ya bunduki.

Kaka yangu mkubwa anasema Far Cry 2 ni bora kuliko Far Cry 3. Mimi nimeijaribu nikachoka: bunduki inakwama katikati ya mapigano, mhusika anaugua malaria, na kizuizi cha barabarani nilichokisafisha nakikuta kimejaa askari tena. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Muscat)

Kaka yako ana hoja nzito, na wewe pia una sababu ya kuchoka.

Far Cry 2 ya mwaka 2008, iliyotengenezwa na Ubisoft Montreal chini ya mbunifu Clint Hocking, imewekwa katika nchi ya Afrika isiyotajwa jina iliyo vitani. Mhusika hapati pointi wala ngazi. Badala yake ulimwengu wenyewe ndio umebeba mzigo ambao katika michezo mingine hubebwa na jedwali la ujuzi: silaha uliyoiokota kwa adui ina kutu na itakwama, iliyonunuliwa dukani kwa almasi ni mpya lakini nayo itachakaa, moto ukishika nyasi kavu hufuata upepo na unaweza kukugeukia, na ramani ni karatasi anayoishika mhusika mkononi huku askari wakiendelea kumfyatulia risasi. Nimeicheza na ninakumbuka wazi hofu ya kusikia bunduki ikigoma, mhusika akihangaika kuvuta chuma kilichokwama, na mimi nikiwa sina la kufanya ila kurudi nyuma ya gari. Katika dakika hiyo ilinibidi niamue kama mtu aliye pale. Kuigiza mhusika, kwangu mimi, ndiko huko.

Mahali inaposhindwa ni pale ulipopataja. Vizuizi vinavyojaa tena muda mfupi baada ya kuondoka humwambia mchezaji kwamba alichokifanya hakikubadili kitu. Far Cry 3 ya mwaka 2012 ililirekebisha hilo: kambi ukiiteka inabaki yako, ngozi za wanyama unaowawinda hugeuka mikoba na mikanda ya silaha, na kila ujuzi unaoupata huchorwa kama chale mkononi mwa mhusika. Inaridhisha, nakubali. Lakini baada ya saa kadhaa ramani inajaa alama za kufuata, na mchezaji anaacha kuitazama nchi akatazama orodha. Mwambie kaka yako kwamba ninampa yeye ushindi kwa mawazo, na wewe kwa adabu ya mchezo kwa mchezaji wake.

Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta. Nataka kutengeneza mchezo mdogo wa risasi wenye ukuaji wa mhusika na eneo wazi. Nianze na nini, na ujuzi uathiri nini? (Msomaji, Nairobi)

Mwanafunzi wetu, anza na chumba kimoja, adui mmoja na bunduki moja, na usiandike hata ngazi moja ya ujuzi mpaka kuifyatua bunduki hiyo kuwe kunapendeza kwenyewe: sauti, mrukoruko wa mtutu, namna adui anavyoyumba akipigwa. Hata Bethesda, kampuni kubwa yenye uzoefu wa miaka mingi, ilipokuwa ikiandaa Fallout 4 ya mwaka 2015 iliomba ushauri wa id Software kuhusu mwenendo wa bunduki, kwa kuwa ilijua Fallout 3 ilipendwa kwa ulimwengu wake kuliko kwa ufyatuaji wake.

Kisha chukua kalamu upige hesabu ya risasi ngapi zinamwangusha adui. Tuseme adui ana uhai 100. Bunduki inayotoa 34 humwangusha kwa risasi 3, ya 33 humwangusha kwa 4. Pointi moja tu imeongeza risasi nzima, na mchezaji ataihisi hata kama hajui sababu. Kinyume chake, ukipandisha kutoka 34 hadi 49 bado ni risasi 3, na ujuzi ulioupa jina zuri haujabadili chochote mkononi mwake. Ukuaji wa aina hiyo ni wa kwenye karatasi. Sasa tazama hatari ya upande wa pili. Bunduki inayotoa risasi 600 kwa dakika hutoa 10 kwa sekunde. Adui anayehitaji risasi 100 atakula sekunde 10 za kufyatua bila kukosa, na kama magazini ni ya risasi 30 utaijaza tena mara 3. Kila kujaza kukichukua sekunde 2, umetumia sekunde 16 kwa adui mmoja asiyefanya lolote jipya. Wachezaji huchoka hapo, wala si kwa uvivu.

Kwa hiyo ujuzi ubadili matendo. Cyberpunk 2077 ya studio ya CD Projekt Red ya Poland inaonesha vizuri tofauti hiyo kwa silaha zake. Kuna bunduki ambazo risasi zake hudunda ukutani, zipo ambazo ukizichaji zinapenya ukuta, na zipo ambazo risasi humfuata adui zenyewe, alimradi mhusika amewekewa kifaa maalumu mwilini. Kila aina inamdai mchezaji asimame mahali tofauti na kuutazama uwanja kwa namna tofauti. Mchezo ulipotoka Desemba 2020 raha hiyo ilifunikwa na mengine: nguo zilibeba namba za kinga, hivyo wengi walitembea wamevaa vitu visivyopatana kwa sababu tu namba ilikuwa kubwa. Sasisho la 2.0 la Septemba 2023 liliihamishia kinga hiyo kwenye vifaa vya mwilini, likaziacha nguo ziwe pambo, na kuupanga upya mti wa ujuzi ili kila tawi liwe na mtindo wake wa kupigana. Ukitaka somo moja la vitendo, soma orodha ya mabadiliko ya sasisho hilo na ujiulize kwa kila badiliko ni kero gani ya mchezaji iliyokuwa ikitibiwa.

Kuhusu eneo wazi, usikimbilie ukubwa. S.T.A.L.K.E.R.: Shadow of Chernobyl, iliyotolewa mwaka 2007 na studio ya GSC Game World ya Kyiv, imewekwa katika eneo la kinu cha nyuklia cha Chernobyl, na mhusika wake hana pointi za uzoefu hata moja. Anachokua nacho ni vifaa, vitu vya ajabu anavyookota vyenye faida na madhara, na maarifa yaliyo kichwani mwa mchezaji. Njiani kuna mitego isiyoonekana ya asili ya ajabu, na mchezaji hurusha bolti mbele yake, anasikiliza, anaona hewa ikitikisika, kisha anachagua pa kukanyaga. Wakati huohuo wanyama na watu wa eneo lile huendelea na mizunguko yao, wakipigana au wakiota moto, bila kumngoja afike. Kwa mwanafunzi mwenye muda mchache huo ni mfano wa bei nafuu zaidi: kanuni chache za ulimwengu zinazoeleweka kwa kujaribu zitakupa kina kuliko ujuzi hamsini wa asilimia mbilimbili.

Chagua basi mambo manne au matano tu ya kukuza. Mimi ningechukua utulivu wa mkono, kasi ya kujaza magazini, kelele za hatua, uzito anaoweza kubeba, na uwezo wa kuzungumza na watu ili mapigano mengine yasitokee kabisa. Hilo la mwisho usilidharau. Mchezo wa risasi unaompa mchezaji nafasi ya kutofyatua ndio unaofanya kila risasi anayofyatua iwe uamuzi.

Kompyuta yangu ni ya zamani na haina kadi kubwa ya picha. Je, nimefungiwa nje ya michezo hii? (Msomaji, Morogoro)

Hapana. Deus Ex itaendeshwa na karibu kompyuta yoyote uliyonayo. Shadow of Chernobyl iliandikiwa mashine zenye RAM ya MB 512 kwa kiwango cha chini, na Fallout 3 GB 1. Anza na Deus Ex, na katika misheni ya kwanza, kwenye kisiwa cha Sanamu ya Uhuru, usikimbilie lango kuu: zunguka jengo zima kwanza, kwa kuwa njia za kuingia ni zaidi ya moja, na pointi utakazopata kwa kuzigundua ni zilezile utakazotumia kuutuliza mkono wako wa bastola.